Kusokota na Kukokota: Gia ya Mkononi, Mwinuko wa Kabwe na Maoni ya Waendesha Baiskeli katika Historia ya Ufipa

1.0 Utangulizi

Kabwe ni makazi ya bandari yaliyo ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, wilayani Nkasi, mkoani Rukwa. Uso wa ziwa hilo upo takriban mita 773 juu ya usawa wa bahari. Anayetoka Kabwe kwenda Namanyere, na kutoka Namanyere kuelekea Sumbawanga, hana budi kuupanda ukingo wa Bonde la Ufa hadi kwenye uwanda wa juu wa Ufipa, ambao sehemu zake nyingi zimevuka mita 1,500 na vilele vyake kupita mita 2,000. Kwa hiyo gunia la dagaa au furushi la migebuka litokalo ziwani hupandishwa mita mia saba na zaidi kabla ya kufika kwa mlaji wa uwandani, na gunia la mahindi au maharage liendalo ziwani huteremshwa kwa kiasi hichohicho.

Kwa mhandisi anayeitazama ramani akiwa mbali, hapa ndipo mahali ambapo baiskeli yenye gia ingepaswa kutamalaki. Haikutamalaki. Baiskeli iliyobeba uchumi mdogo wa Ufipa kwa sehemu kubwa ya karne ya ishirini ni ile nzito ya mwendo mmoja, yenye fremu ya chuma na keria pana nyuma. Baiskeli za mlimani zilipoanza kuingia kwa wingi kupitia biashara ya mitumba na bidhaa nafuu za Kichina, nyingi zilikuja na gia za kusokota, yaani gia zinazobadilishwa kwa kuzungusha sehemu ya kishikio cha usukani kwa kiganja. Mara nyingi gia hizo zilikufa kabla ya baiskeli yenyewe, au ziling'olewa na fundi zikiwa bado hai.

Maelezo yaliyozoeleka kuhusu jambo hili ni mawili: kwamba watu hawakuwa na fedha za kuzitunza, au kwamba hawakuzielewa. Insha hii inayakataa maelezo ya pili na kuyawekea mipaka maelezo ya kwanza. Inahoji kuwa kuikataa gia ya kusokota kulikuwa maoni kamili ya watumiaji, yaliyotolewa kwa spana badala ya kalamu, na kwamba maoni hayo yanaweza kupimwa kwa vigezo vilevile vinavyotumika kuyapima maoni ya waendeshaji wa Ulaya na Marekani, ambao nao walibishana kwa miaka mingi kuhusu kifaa hichohicho.

2.0 Kifaa na Ubishi Wake

Kampuni ya SRAM ilianzishwa Chicago mwaka 1987, na mwaka uliofuata ikatoa sokoni kifaa chake cha kwanza, Grip Shift. Wakati huo baiskeli nyingi za mbio zilikuwa na wenzo wa gia kwenye bomba la chini la fremu, hivyo mwendeshaji alilazimika kuachia usukani kwa mkono mmoja kila alipotaka kubadilisha gia. Wazo la SRAM lilikuwa kuihamishia gia mahali ambapo mkono tayari upo. Kifaa kililengwa kwanza kwa baiskeli za barabarani, lakini kilipata makao yake halisi katika baiskeli za mlimani, ambazo usukani wake ulionyooka ulikipa nafasi ya kuzunguka.

Kukubalika kwake hakukutokana na ubora pekee. Soko la vipuri lilikuwa mikononi mwa Shimano, kampuni ya Japani iliyoanzishwa Sakai mwaka 1921, ambayo iliwapa punguzo watengenezaji wa baiskeli walionunua seti yake nzima. Mtengenezaji aliyetaka kutumia gia ya kusokota ya SRAM alipoteza punguzo hilo. SRAM ilifungua kesi mwaka 1990, na mwaka uliofuata pande mbili zikamalizana nje ya mahakama. Baada ya hapo ndipo gia ya kusokota ilipoenea katika baiskeli mpya. Jambo hili halipaswi kupitwa haraka, kwa sababu linaonesha kuwa hata huko ilikotoka, maoni ya mwendeshaji yalikuja baada ya bei na mikataba kuwa imeamua ni kifaa gani kitafika mkononi mwake.

Maoni yenyewe yaligawanyika. Waliokipenda walisema kina sehemu chache kuliko gia ya kidole, kwamba kinaruhusu kuruka gia nyingi kwa mzunguko mmoja wa kiganja, na kwamba kidole gumba hubaki huru. Waliokichukia walitoa hoja tatu ambazo zimedumu hadi leo. Kwanza, mwendeshaji anaposimama juu ya pedali na kuuvuta usukani ili apande kilima, kiganja hujisokota bila kukusudia na gia hubadilika wakati mbaya kuliko wote. Pili, katika mteremko wenye mawe, ambapo mtu hukamata usukani kwa nguvu zote, hutokea hivyohivyo. Tatu, mkono wenye jasho, tope au maji huteleza juu ya mpira wa kishikio. Kadiri muda ulivyokwenda, baiskeli za bei kubwa zilihamia kwenye gia ya kidole, na gia ya kusokota ikashuka daraja. Shimano nayo ilitengeneza ya kwake, RevoShift, iliyofungwa hasa kwenye baiskeli za bei ya chini. SRAM ilijaribu kuirejesha Grip Shift katika daraja la juu mwaka 2012, na wapo walioipokea kwa furaha, lakini haikurudia enzi yake. Mahali pekee ambapo gia ya kusokota ilibaki na heshima isiyotiliwa shaka ni kwenye kitovu cha Kijerumani cha Rohloff chenye gia 14, kilichotolewa mwaka 1998, kinachopendwa na wasafiri wa masafa marefu, wakiwamo wanaolivuka bara la Afrika.

Ubishi wa Ulaya kuhusu gia ulikuwa umeanza mapema zaidi ya hapo. Henri Desgrange, mwasisi wa mbio za Tour de France, aliandika mwaka 1902 kwa dharau dhidi ya gia za kubadilisha, akiziona kuwa za watu waliozeeka, na mbio zake hazikuruhusu vihamisha cheni hadi mwaka 1937. Kwa miaka zaidi ya 30, basi, baadhi ya waendeshaji hodari kuliko wote duniani walipanda milima ya Alpi na Pirenei bila vihamisha cheni, kwa amri. Hakuna mwanahistoria aliyewaita watu wasioelewa mashine.

3.0 Kiganja Kilichokwisha Kujifunza

Hoja ya kutoelewa huanguka kabisa inapokumbukwa kuwa gia ya kusokota haikuwa ngeni Afrika Mashariki. Pikipiki ya Vespa, iliyotolewa na kampuni ya Piaggio ya Italia mwaka 1946, hubadilishwa gia kwa kubana klachi ya mkono wa kushoto na kuzungusha kishikio chote pamoja nayo. Vespa zilizagaa Zanzibar na Dar es Salaam, na kizazi kizima cha madereva kilijifunza kuhesabu gia kwa kifundo cha mkono. Kampuni ya Bajaj ya India ilitengeneza Vespa kwa leseni ya Piaggio kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kutoka ukoo huohuo ikaendelea kuunda pikipiki za magurudumu matatu. Ndizo hizi ambazo Watanzania wameziita bajaji. Dereva wa bajaji wa Sumbawanga, anapotoka stendi kuelekea sokoni, hubadilisha gia kwa kusokota kishikio cha kushoto mara nyingi kwa saa moja, na hafundishwi na mtu yeyote kutoka Chicago.

Kwa hiyo swali la kihistoria si kwa nini mkono wa Mfipa haukuizoea gia ya kusokota. Swali ni kwa nini gia hiyohiyo ilifanikiwa kwenye bajaji na kushindwa kwenye baiskeli.

Jibu lipo katika ujenzi wa vifaa hivyo viwili. Katika bajaji, klachi huiondoa nguvu ya injini kabla ya gia kuhama. Meno hukutana bila kubeba mzigo. Katika baiskeli hakuna klachi. Nguvu ya kupunguza ni mguu wenyewe: mwendeshaji anatakiwa alegeze pedali kwa nukta chache ili cheni ihame. Mwendeshaji asiye na mzigo hufanya hivyo bila kufikiri. Mwenye kilo 70 nyuma, katikati ya mwinuko, akilegeza pedali baiskeli husimama, na ikisimama huanguka. Aidha, klachi ya bajaji ni kitasa pia: kishikio hakizunguki ovyo kwa sababu mkono usiobana klachi haukusudii gia. Kishikio cha baiskeli hakina ulinzi huo, hulindwa na vidato vidogo vya plastiki tu.

Kuna jambo jingine, dogo kwa sura lakini zito kwa matokeo. Kwa pikipiki za kawaida, ambazo tangu miaka ya 2000 zimekuwa usafiri mkuu wa vijijini mkoani Rukwa kama kwingineko Tanzania, kishikio cha kulia kinachosokotwa ni cha mafuta. Kukivuta kuelekea kwa mwendeshaji ni kuongeza mwendo papo hapo. Kijana aliyejifunza bodaboda na kisha akapanda baiskeli ya gia hukuta kiganja chake kimeshapewa maana nyingine. Hili haliwezi kuwa sababu kuu, lakini ni upuuzi kuliacha nje ya historia ya matumizi ya mwili, hasa kwa kuwa wabunifu wa Grip Shift walikusudia hasa kitu kinachofanyika bila kufikiri.

4.0 Baiskeli Kabla ya Gia

Ufipa haikuwa nchi isiyojua chuma. Kabla na wakati wa ukoloni, mafundi wa Kifipa waliyeyusha madini ya chuma katika tanuru refu zilizoitwa malungu, zilizojengwa kwa udongo na kuvutwa hewa bila mivukuto, kisha wakakisafisha chuma hicho katika tanuru ndogo zilizotumia mivukuto. Masalia ya malungu bado yanaonekana, na kazi za Roy Willis kuhusu Wafipa na za wanaakiolojia waliomfuata zimeweka wazi kuwa huo ulikuwa utaalamu wa hatua mbili, wenye mgawanyo wa kazi na kanuni zake za kimila. Jembe la Kifipa lilikuwa bidhaa. Mtu anayeanza historia ya mashine za Ufipa na meli ya Liemba au na baiskeli ya mmisionari ameanzia katikati.

Baiskeli ziliingia kusini-magharibi mwa Tanganyika kwa njia za kawaida za ukoloni: misheni, utawala, maduka ya wafanyabiashara wa Kihindi, na mishahara ya vijana waliokwenda kufanya kazi mbali, kwenye mashamba ya mkonge, machimbo ya dhahabu ya Lupa na migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Raleigh ya Nottingham na Hercules ya Birmingham ndizo zilizojenga sura ya baiskeli katika fikra za watu: nyeusi, ndefu, yenye breki za vyuma na kengele. Baada ya uhuru zikaja Phoenix ya Shanghai na baiskeli za India, na serikali ikaanzisha Kampuni ya Taifa ya Baiskeli, NABICO, iliyotoa baiskeli aina ya Swala. Zote hizo, kwa kuzitazama kama mashine, zilikuwa wajukuu wa Raleigh ileile.

Kufanana huko ndiko kulikokuwa utajiri wake. Cheni nene ya Phoenix iliweza kuvaa kwenye meno ya baiskeli ya Kihindi. Pedali, mpira wa breki, spoki na bolingi vilihama kutoka baiskeli moja hadi nyingine bila kuuliza uraia. Fundi wa kijijini hakuhitaji ghala la vipuri, alihitaji baiskeli moja iliyokufa. Katika miaka ya uhaba, baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zilipokauka na bidhaa kuadimika madukani, mpango huu wa vipuri vinavyobadilishana ndio uliozifanya baiskeli ziendelee kutembea. Ni vigumu kufikiri kuwa baiskeli ya gia 18 ingeuvuka mwaka 1982 katika Wilaya ya Nkasi.

Milango ya biashara ilipofunguliwa kuanzia mwaka 1984, na zaidi baada ya makubaliano ya 1986 na Shirika la Fedha la Kimataifa, hali ilibadilika. Mitumba ikaingia: nguo kwanza, kisha vyombo, kisha baiskeli. Hapo ndipo gia ya kusokota ilipokutana na mwinuko wa Kabwe, ikiwa imetumika tayari miaka kadhaa mahali pengine na mikono mingine.

5.0 Hesabu ya Mwinuko

Watetezi wa gia hudai kuwa penye mlima gia ni msaada. Dai hilo ni kweli kwa sharti ambalo halitajwi, nalo ni kwamba mwendeshaji awe na nguvu ya kutosha kuiweka baiskeli katika mwendo usioanguka.

Chukulia mwendeshaji wa kilo 60, baiskeli ya kilo 20 na mzigo wa kilo 70, jumla kilo 150. Kuupandisha uzito huo mita 727, kutoka usawa wa ziwa hadi mita 1,500, kunahitaji kazi ya juli zipatazo milioni 1.07, bila kuhesabu msuguano. Mtu mwenye afya aliyezoea kazi anaweza kudumu na wati 100 hivi kwa saa kadhaa. Kwa kiwango hicho, kupanda pekee kunamgharimu takriban saa tatu, awe na gia au asiwe nayo. Gia haipunguzi kazi. Inaigawa tu kazi hiyo katika mizunguko mingi midogo.

Sasa tazama mwendo. Katika mwinuko wa mita 10 kwa kila mita 100, barabara ikiwa ya changarawe, mtu huyo wa wati 100 huenda kilomita 2 kwa saa. Baiskeli ya mlimani yenye meno 22 mbele na 32 nyuma ingemruhusu azungushe pedali mara 23 hivi kwa dakika kwa mwendo huo, jambo ambalo mguu unaliweza. Lakini usawa hauliwezi. Baiskeli iliyobeba magunia, kwa kilomita 2 kwa saa, juu ya mawe, haisimami wima. Mwenye akili atashuka na kuikokota, na akiikokota anakwenda mwendo uleule. Mwanariadha wa mlimani asiye na mzigo, mwenye wati 300, anaupanda mwinuko huohuo kwa kilomita 10 na zaidi kwa saa, na kwake tofauti kati ya gia moja na nyingine ina maana kila baada ya nukta chache. Gia za baiskeli ya mlimani zilibuniwa kwa ajili ya mtu huyo.

Kukokota, basi, hakukuwa alama ya kukosa gia. Kulikuwa njia sahihi ya kupandisha mzigo. Usukani wa baiskeli inayokokotwa una kazi nyingine kabisa: ni mpini wa mkokoteni. Mkono mmoja hushika usukani na mwingine hushika keria au mzigo, na nguvu hupita kwenye kishikio kwa kukisukuma na kukisokota huku na huku ili gurudumu la mbele likwepe mawe. Kishikio kinachozunguka, katika kazi hiyo, ni kasoro. Hapa hoja ya mwendeshaji wa Colorado aliyelalamika kuwa kiganja chake hubadilisha gia bila kukusudia, na hoja ya mkokotaji wa dagaa anayetaka kishikio kisichocheza, zinakutana kwenye kipande kilekile cha plastiki. Tofauti ni kwamba wa kwanza alibadilishiwa kifaa na kampuni, wa pili alikiondoa mwenyewe.

Haki inataka kusemwa pia kuwa hesabu hii ni ya ukingo wa bonde na ya mzigo. Juu ya uwanda wenyewe, kati ya Namanyere na Sumbawanga, au kutoka Sumbawanga kuelekea Laela, ardhi ni mawimbi ya vilima vya wastani, na upepo wa kiangazi si wa kudharauliwa. Mwanafunzi au mwalimu asiye na gunia angefaidika na gia mbili au tatu kila siku ya maisha yake. Kwamba mtu huyo naye aliishia na mwendo mmoja haliwezi kuelezwa kwa hesabu ya mlima. Linaelezwa kwenye benchi la fundi.

6.0 Benchi la Fundi

Gia ya kusokota ya bei nafuu hufa kwa namna inayotabirika. Vumbi huingia kati ya pipa la plastiki na mhimili wake, kishikio kinakuwa kizito, mwendeshaji anaongeza nguvu, vidato vinalika, na mwishowe waya mwembamba unachanika nyuzi moja baada ya nyingine pale unapojikunja. Waya ukikatika, chemchemi ya kihamisha cheni cha kawaida huipeleka cheni kwenye gurudumu dogo kuliko yote la nyuma. Maana yake ni kwamba kifaa kilichonunuliwa ili kurahisisha mlima kinapoharibika humwachia mwenye nacho gia ngumu kuliko zote. Mbunifu aliyechagua hivyo alikuwa na sababu zake, lakini hakuwa na Kabwe akilini.

Fundi ana njia tatu. Ya kwanza ni kutafuta waya mwingine. Waya wa breki hupatikana popote, lakini ni mnene mno kwa gia. Ya pili ni kukaza skrubu ya mpaka ya kihamishi ili cheni ibaki kwenye gurudumu la meno la kati. Hiyo ni suluhisho la haraka, la werevu, na ndiyo inayoonekana katika baiskeli nyingi za mitumba nchini ambazo kihamishi kipo lakini hakina waya. Ya tatu ni kung'oa kila kitu, kufupisha cheni, na kuirudisha baiskeli katika ukoo wa Raleigh. Njia hii ya tatu ina gharama yake, kwa sababu cheni ya gia ni nyembamba kuliko ya Phoenix na vipuri havioani. Mara nyingi hulazimu kubadili cheni, meno na hata kitovu cha nyuma. Watu walioilipa gharama hiyo hawawezi kusemwa kuwa walishindwa tu kununua waya.

Tatizo la kutooana halikuwa la Ufipa peke yake. SRAM na Shimano, baada ya ugomvi wao, ziliendelea kila moja na kipimo chake: urefu wa waya unaovutwa kwa gia moja katika mfumo mmoja haukuwa sawa na katika mwingine. Muuza baiskeli wa Ulaya aliagiza kipuri sahihi kwa orodha. Fundi wa Namanyere alipokea rundo la mitumba ambamo kishikio cha mfumo mmoja na kihamishi cha mfumo mwingine vilikuwa vimelala pamoja, vinafanana kwa sura, na havifanyi kazi pamoja. Ushindani wa soko la Marekani wa mwaka 1990 ulimfikia fundi huyo katika umbo la gia zinazoruka.

Jambo la kuvutia ni kwamba kishikio chenyewe hakikutupwa kila mara. Kilichopoteza waya kiliweza kubaki kwenye usukani, kimefungwa kwa ukanda wa mpira wa tyubu ili kisizunguke, namba zake za gia zikiwa bado zinasomeka. Mtafiti anayetaka ushahidi wa maoni ya waendeshaji atausoma hapo. Ukanda ule wa tyubu ni tathmini ya bidhaa.

Maoni hayo, hata hivyo, ni ya baadhi ya watu. Baiskeli za mizigo zimekuwa kwa sehemu kubwa mali na kazi ya wanaume, na uamuzi wa kung'oa au kuacha gia ulifanywa na aliyebeba gunia. Mwanamke au msichana aliyeitumia baiskeli hiyohiyo siku ambayo haikuwa na mzigo alikuta uamuzi umeshafanywa. Historia ya kifaa iliyoandikwa kwa kutazama benchi la fundi inarithi upungufu huo, na haitoshi kuusahihisha kwa sentensi moja.

7.0 Kurudi kwa Kampuni

Hadithi hii ina mzunguko mmoja zaidi. Miongoni mwa waasisi wa SRAM alikuwamo F. K. Day. Mwaka 2005, baada ya tsunami ya Bahari ya Hindi, yeye na mkewe Leah Missbach Day walianzisha shirika la World Bicycle Relief, ambalo mwaka uliofuata lilianza kazi nchini Zambia, jirani wa Rukwa, ambako ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika inaishia Mpulungu. Baiskeli waliyoibuni kwa ajili ya wahudumu wa afya, wakulima na baadaye wanafunzi, hasa wasichana, iliitwa Buffalo. Ilikuwa nzito, ya chuma, yenye keria ya kubeba kilo nyingi na breki ya kukanyaga nyuma. Haikuwa na gia. Watu waliotajirishwa na kishikio cha kusokota, walipokaa na kuwasikiliza waendeshaji wa Zambia vijijini, walitengeneza baiskeli ambayo mzee yeyote wa Nkasi aliyewahi kumiliki Phoenix angeitambua mara moja.

Uamuzi huo ulikuwa wa haki kwa mzigo, lakini uliliacha pale lilipokuwa tatizo la mwendeshaji wa vilima vya wastani, yule mwanafunzi aliyetajwa hapo juu. Mwaka 2023 shirika lilitoa aina mpya, Utility S2, yenye mwendo wa aina mbili. Mfumo wake ulibuniwa kwa ushirikiano na SRAM. Una cheni mbili na meno mawili ya nyuma, na mwendeshaji hubadilisha kutoka mwendo mmoja kwenda mwingine kwa kurudisha pedali nyuma kidogo. Hauna kihamisha cheni. Hauna waya. Kwenye usukani wake hakuna kitu cha kusokota: vishikio ni mpira mtupu, vimekaza, na vinaweza kushikwa na mkono wenye shombo la dagaa na kusukumwa hadi juu.